Maswali ya Wasomaji: Harambee ya Ukumbini na Hesabu Zake

Barua za mwezi huu zimetoka Vihiga, Kakamega, Bungoma, Kisumu na Nakuru, na karibu zote zinahusu jambo moja: hafla ya kuchanga pesa kwenye ukumbi wa kijiji. Tunaanza na iliyo ngumu kuliko zote.

Kikundi chetu kilifanya harambee ya kuezeka upya ukumbi. Mfawidhi alitangaza Sh412,000. Benki tulipeleka Sh287,000. Sasa kijiji kizima kinasema kamati imekula. Mimi ndiye mweka hazina na sijaona hata shilingi iliyopotea. Tulikosea wapi?
*Mweka hazina, Mbale*

Pole sana. Kwenye karatasi ulizotutumia hakuna mwizi. Kuna safu moja ya hesabu mahali palipotakiwa kuwa na safu nne. Ukizichambua, pesa taslimu zilikuwa Sh126,400, za simu Sh98,600 na za hundi Sh62,000. Hizo ndizo Sh287,000 zilizo benki. Sh95,000 zilikuwa ahadi. Sh30,000 zilizobaki zilisomwa mara mbili: ziliingia kwa simu siku chache kabla zikaandikwa, kisha wenyewe walipofika na kadi zao za mchango mfawidhi akazisoma tena kama mpya, watu wakapiga makofi.

Mfawidhi kazi yake ni kuchangamsha watu, na namba kubwa huchangamsha. Ndiyo maana hapaswi kujumlisha chochote. Anasoma kikaratasi alicholetewa kutoka mezani, basi.

Mezani waketi watu watatu. Wa kwanza anapokea na kuhesabu. Wa pili anahesabu tena bila kuambiwa wa kwanza amepata ngapi. Wa tatu anaandika pale tu hesabu mbili zinapolingana. Fomu iwe na nambari ya risiti, jina, kisha safu nne: taslimu, simu, hundi, ahadi. Kila baada ya mistari 20 ukurasa unafungwa, safu zinajumlishwa na wote watatu wanatia sahihi. Kikaratasi cha mfawidhi kina namba mbili tu, zilizoingia na zilizoahidiwa, na anazisoma moja baada ya nyingine bila kuzichanganya. Watu wakizoea kusikia namba mbili hawatakuja kuuliza ile moja ilienda wapi.

Kosa la kusoma mara mbili lina dawa nyepesi. Kila ujumbe wa M-Pesa una msimbo wa herufi na tarakimu 10. Andika 4 za mwisho kwenye safu ya simu. Mtu akileta kadi na kusema "nilituma", mwandishi atafute herufi hizo kwenye kurasa za nyuma kabla ya kuandika mstari mpya. Zikipatikana, kadi inapigwa mhuri wa "imeshaandikwa" na haipelekwi kwa mfawidhi. Kadi zenyewe ziwe na nambari tangu zinapochapishwa, na daftari lionyeshe nani alichukua nambari ipi hadi ipi. Kadi isiyorudi inaulizwa hata kama ni tupu.

Noti nazo zina ujanja wake. Za kapuni huja zimekunjwa, na noti ya 100 iliyojificha ndani ya ya 200 ndiyo huvuruga hesabu ya pili. Zinyoosheni zote kwanza, mzipange kwa thamani, sura zikitazama upande mmoja, ndipo mhesabu. Mafungu ya noti 50 yanatosha; fungu kubwa zaidi huteleza mkononi na mtu hulazimika kuanza upya. Sarafu zihesabiwe mwisho, kwa vichuguu vya 10.

Ahadi iandikwe na nambari ya simu pamoja na tarehe ambayo mwenyewe ameitaja. Mpigieni ndani ya siku 7, watu wakiwa bado wanaikumbuka hafla. Isipofika ndani ya siku 30, iondoeni kwenye hesabu na msimfuate tena mwenyewe sokoni. Na kamwe msiagize mabati kwa pesa za ahadi.

Kwa hili lililokwisha kutokea, itisheni kikao ukumbini, liguru (mzee wa kijiji) na naibu wa chifu wakiwepo, msome orodha jina kwa jina: aliyetoa taslimu, aliyetuma, aliyeahidi. Kisha bandikeni taarifa ya benki ukutani. Kusoma jumla peke yake hakutasaidia, kwa sababu ni jumla iliyowaletea taabu. Kila mtu akisikia mchango wake umesomwa sawasawa, atakuwa na sababu ya kuamini na wa jirani yake.

Hatuna akaunti ya benki. Je, tunaweza kutumia laini ya mwenyekiti kupokea michango? Ni mtu mwaminifu.
*Msomaji, Luanda*

Uaminifu wake hautasaidia akiwa anadaiwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Pesa yoyote inayoingia kwenye laini yenye deni hilo hulipa deni kwanza, kabla mwenye simu hajagusa kitu. Mchango wa kwanza wa harambee utakuwa umelipa unga wake wa wiki iliyopita. Hata akirudisha jioni hiyo hiyo, taarifa ya laini itabaki na mstari huo, na siku atakayogombana na mtu mstari huo ndio utakaosomwa.

Kuna mipaka pia. Laini ya mtu binafsi haibebi salio la zaidi ya Sh500,000, na muamala mmoja hauvuki Sh250,000. Isitoshe, mwenyekiti atapigiwa simu mfululizo siku hiyo, na betri ikiisha michango haionekani mezani.

Njia iliyonyooka ni kusajili kikundi. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua 10, na maombi hupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Nendeni na katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao kilichochagua viongozi na orodha ya wanachama yenye nambari za vitambulisho. Mkishapata cheti fungueni akaunti yenye watia sahihi watatu, wawili kati yao wakitosha kutoa pesa. Mume na mke wasiwe wote wawili kwenye orodha hiyo. Baada ya hapo wachangaji watatuma kwa Paybill (nambari ya malipo kwa simu) ya benki na kujaza nambari ya akaunti ya kikundi. Anzeni miezi miwili kabla ya hafla. Wanaoanza wiki mbili kabla ndio hurudi kwenye laini ya mwenyekiti.

Tena, msipokee ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mchangaji kama uthibitisho. Ujumbe wa kughushi hufanana na halisi hadi nukta. Angalieni upande wenu: salio limeongezeka au halikuongezeka? Na pesa iliyotumwa inaweza kuombewa irudishwe, aliyetuma akipeleka ujumbe wake kwa 456. Kwa hivyo mtu akinunua kitu cha bei kubwa kwa simu, subirini kidogo kabla ya kumkabidhi.

Tunatarajia watu 200 kwenye hafla ya kuchangia maktaba ya watoto. Tumeamua chai na mandazi tu. Wapishi tunao, lakini kila mmoja ana kipimo chake na wameanza kununiana.
*Mama wa kamati ya jikoni, Ahero*

Mama, mmeamua vizuri. Chakula cha mchana hula mchango wenyewe. Wapatanishe wapishi kwa mizani.

Kikombe cha plastiki cha kawaida hubeba karibu mililita 250 bila kumwagika. Weka kikombe kimoja na nusu kwa mtu, maana nusu yao watarudi. Watu 200 ni lita 75. Changanya maziwa lita 30 na maji lita 45, majani ya chai gramu 600, sukari kilo 6. Tenga lita 10 zisizotiwa sukari. Kila ukumbi una wazee wenye kisukari ambao hukaa kimya na kukosa chai. Pika kwa sufuria mbili za lita 50, kila moja isipite lita 40, la sivyo ikifura itazima moto.

Maji na tangawizi iliyopondwa ndivyo vinavyotangulia. Tangawizi mbichi ikitiwa ndani ya maziwa huyakata, lakini ikichemka kwenye maji kwa dakika 10 hivi, nguvu hiyo huisha. Majani yafuate, kisha maziwa. Ukianza na maziwa juu ya moto mkali wa kuni, yatashika chini na chai yote itanuka moshi, na hakuna sukari itakayoficha harufu hiyo.

Hatari kubwa iko kwenye maziwa ya kuchangiwa. Yakitoka boma kumi, yaje kwa mitungi kumi na yasichanganywe mlangoni. Chota nusu kikombe kutoka kila mtungi, uchemshe kando kwenye kisufuria kidogo. Yakiganda mabonge, mtungi huo umeanza kuchacha na ungeharibu lita 30 zote. Wa kushukiwa kwanza ni mtungi uliochanganya maziwa ya jana jioni na ya leo asubuhi. Usimwaibishe aliyeleta, andika mchango wake, na hayo yapelekwe yakawe mala, yaani maziwa ya kugandishwa.

Mandazi: kilo moja ya unga hutoa kama 24 ya ukubwa wa kiganja cha mtoto. Mawili kwa mtu ni 400, yaani kilo 17 za unga na lita 6 hadi 7 za mafuta. Karai moja ikichukua 12 kwa zamu, itakula karibu saa tatu. Karai mbili zitamaliza kwa saa moja na nusu, kwa hivyo unga ukandwe saa kumi na moja alfajiri. Na kila kilichotolewa bure, kuni zikiwemo, kiandikwe kwenye fomu ya michango kwa jina la mtoaji.

Mwaka jana tulianza saa saba mchana. Saa tisa mvua ikapiga mabati, hakuna aliyesikia kitu, wageni wakaondoka kabla ya mchango. Tufanyeje?
*Mwalimu, Khayega*

Mngeanza asubuhi, mwalimu. Kakamega na Vihiga hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, na mvua yao hupenda alasiri, wakati upepo wa Ziwa Viktoria unapokutana na ule wa mashariki na joto la mchana likishapandisha mawingu. Ratiba inayofaa kwenu ni hii: watu waketi saa tatu, hotuba ziishe saa tano, mchango uanze saa tano na nusu, na meza ifungwe saa saba. Shukrani na ngoma ndizo ziachiwe mvua. Kamati nyingi huweka mchango mwisho kwa sababu ya kumngoja mgeni wa heshima. Mgeni akichelewa, anzeni, atawakuta.

Mvua ikiwakuta, kuongeza sauti ya spika hakufui dafu. Chini ya mabati yasiyo na dari sauti kubwa hugongana na kelele na kuwa mrindimo. Sogezeni spika katikati ya ukumbi, moja kila upande, karibu na masikio, na msemaji aseme polepole. Ikizidi, nyamazeni dakika 20 na mgawe chai. Radi ikianza, walio kwenye hema la nguzo za chuma waingie ndani ya ukumbi, na nyaya zinazokwenda nje zichomolewe.

Tarehe nayo ina maneno. Januari haifai: karo imemaliza kila kitu. Wiki ambayo shule zinafungua vilevile. Jumamosi ya kwanza baada ya mishahara ni njema, ila angalieni isiwe siku ya soko lenu. Kwa majirani zenu wa Vihiga wanaopeleka majani kiwanda cha chai cha Mudete, bonasi ya Oktoba hubadilisha mambo. Bungoma wana lao: Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili ni msimu wa tohara ya Wabukusu. Kila boma lina wageni na kila fahali ana mwenyewe, kwa hivyo harambee ya mwezi huo itahudhuriwa na kamati peke yake.

Kila tukiwasha birika kubwa la umeme, umeme wa ukumbi unakatika na spika zinazima.
*Kijana wa mitambo, Molo*

Soketi ya ampia 13 kwa volti 240 haibebi zaidi ya wati 3,100 hivi. Birika la wati 2,500, spika za wati 1,000 na taa kwenye waya mmoja wa ekstensheni tayari zimevuka. Birika lipate soketi yake upande wa pili wa ukumbi, au chai ipikwe kwa kuni nje, jambo tunalolipendelea.

Waya wa ekstensheni wa kuzungusha uvutwe wote nje ya gurudumu lake. Ukibaki umezungushwa huku ukibeba mzigo mzito, joto halina pa kutokea na plastiki huyeyuka kutoka ndani, ambako huoni. Shika waya baada ya nusu saa. Ukiwa moto kama kikombe cha chai, punguza mzigo.

Jenereta ya kVA 2.5 ihesabu kama wati 2,000. Iwashe kwanza ikiwa tupu, ikitulia ndipo uchomeke vyombo. Ikae nje, mbali na madirisha, kwa kuwa moshi wake una gesi inayoua bila harufu ya kukuonya. Na nunueni tokeni za umeme siku moja kabla. Spika na taa kwa saa sita zinaweza kula yuniti 6 na zaidi, ilhali ukumbi wa umma huachwa na salio la yuniti moja kila mara, na wewe ndiye utakayeligundua katikati ya sala ya kufungua. Spika zikipiga mluzi, kipaza sauti kiko mbele yake. Kirudishe nyuma ya mstari wa spika.

Tunapanga harambee Desemba 2026 na tungependa mwanasiasa anayewania kiti awe mgeni wa heshima. Kuna shida?
*Katibu, Webuye*

Ipo, na ni yake zaidi kuliko yenu. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Uchaguzi humwondolea mtu nafasi ya kuwania akishiriki harambee ya umma kwa njia yoyote ndani ya miezi 8 kabla ya uchaguzi mkuu. Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027, kwa hivyo mlango unafungwa takriban Desemba 10, 2026. Kuhusu walio serikalini tayari, Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 iliwabana tangu zamani katika kuomba michango, na Julai 2024 rais alitangaza kuwapiga marufuku kushiriki harambee. Wakituma "bahasha" kwa mkono wa msaidizi, meza ikatae au iandike jina halisi la mtoaji. Mwiteni mwalimu mkuu mstaafu au mfanyabiashara wa mji wenu. Hatoi fungu nono, ila hukaa hadi mwisho.

Tuuze tikiti za bahati nasibu au tufanye mnada?
*Kikundi cha vijana, Nyahururu Road, Nakuru*

Mnada. Bahati nasibu ya kuuzia umma tikiti inahitaji leseni ya mamlaka ya michezo ya kubahatisha, na kikundi cha kijiji kinachouza bila leseni kinajitafutia kesi. Mnada wa jogoo, mkungu wa ndizi au keki hauna mambo hayo. Tangazeni bei ya kuanzia iliyo chini ya ile ya sokoni ili mikono inyooke mapema, mpandishe kwa hatua ya Sh100, na vitu visizidi sita kwa sababu baada ya hapo watu huchoka. Mshindi analipa na kuandikiwa risiti papo hapo. Akisema "niandike", mpeni wa pili wake. Mnunuzi akimrudisha jogoo auzwe tena, ni mstari mpya na risiti mpya.

Ukumbi wetu ni mita 12 kwa 8. Viti vingapi?
*Msomaji, Njoro*

Acheni mita 3 mbele kwa meza na mfawidhi. Mita 9 zilizobaki ni mistari 10, kila mmoja ukichukua sentimita 90. Kwa upana, viti 6 kila upande na njia ya mita 1.2 katikati. Vinakuwa 120, na vingine vikae kwenye hema. Mlango wa nyuma utolewe komeo kabla ya mtu wa kwanza kuketi, na ufunguo wake uwe na mtu aliye ndani ya ukumbi, si mlinzi aliyetumwa sukari.